Tafakari ya Juma: Simba Asiyeonekana



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya ugonjwa uliomo katika familia nyingi za parokia zetu, lakini ambao hautajwi katika nia za Misa. Waamini huleta nia za kuwaombea wagonjwa wa malaria, wa kisukari, wa shinikizo la damu, na waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda. Ni nadra sana kusikia nia ya kumwombea mtu mwenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au mtu aliyeshikwa na wasiwasi uliopita kiasi hata akashindwa kulala, kula na kufanya kazi. Hata hivyo wagonjwa hao tunao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni wana sonona, na hatuna sababu ya kudhani kwamba Unyanyembe yetu imerukwa katika hesabu hiyo.

Sisi huwajua wagonjwa hao kwa majina mengine. Huyu tunasema amekuwa mvivu. Yule tunasema ana majivuno, siku hizi hasalimii watu. Mwingine tunasema amerogwa na wifi yake. Na mwingine, hili ndilo linalotuumiza zaidi sisi wachungaji, anaambiwa na Wakristo wenzake kwamba imani yake ni haba, kwamba angesali vizuri asingekuwa hivyo. Basi mgonjwa anabeba ugonjwa, juu ya ugonjwa anatwikwa aibu, na juu ya aibu anatwikwa dhambi. Hiyo ni mizigo mitatu juu ya bega moja, nalo bega lenyewe ni la mgonjwa.

Ili kuitua mizigo miwili kati ya hiyo mitatu, tunapenda kuwaeleza habari za mtaalamu mmoja ambaye kazi yake kubwa ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Jina lake ni Robert Sapolsky, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1957, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tangu utotoni alitamani kuishi kati ya gorila, na alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alianza kujifundisha Kiswahili mwenyewe kwa kusoma vitabu. Mwaka 1978 alifika Kenya, akapiga hema katika mbuga ya Maasai Mara inayopakana na Serengeti yetu, na kwa miaka zaidi ya 20 aliendelea kurudi huko. Alitaka kujua jambo moja: kiumbe kinapoishi katika msongo siku nenda rudi, ni nini hasa kinachotokea katika damu yake na katika ubongo wake?

Tuseme wazi kwamba mtaalamu huyu alilelewa katika dini ya Kiyahudi, na yeye mwenyewe hasiti kusema kwamba haamini Mungu. Hatumleti kwenu kama mwalimu wa imani. Lakini kweli ni ya Mungu hata inapochimbuliwa na mtu asiyemkiri, na anayetusaidia kumwelewa mgonjwa anatusaidia kumpenda.

Kwa nini nyani? Wakulima wetu wa Sikonge na Urambo wanamjua nyani kama mwizi wa mahindi. Sapolsky alimwona kwa jicho jingine. Nyani wa mbuga hupata chakula chake cha siku kwa saa chache tu. Muda unaobaki anao wa kutosha kuwasumbua wenzake. Mkubwa humpiga wa kati, wa kati humalizia hasira kwa mdogo, na mdogo humng'ata asiye na hatia. Kwa hiyo msongo wa nyani, kama wetu, mara nyingi hautoki kwa simba bali kwa jirani yake. Mtafiti alitumia bomba la kupulizia vishale vyenye dawa ya usingizi. Ilimpasa kuvizia mpaka mnyama awe ametulia na hatazami, kwa sababu hofu yenyewe ingebadilisha damu. Nyani akishalala, alimtoa damu na kupima homoni iitwayo kotisoli.

Homoni hiyo hutengenezwa na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, nayo ni zawadi ya Muumba kwa wakati wa hatari. Mnyama akimwona adui, kotisoli na wenzake humwaga sukari katika damu, moyo hupiga kwa nguvu, misuli hupata chakula, na kazi zisizo za lazima, kama kumeng'enya chakula, husimamishwa kwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 Sapolsky aliuliza kwa nini punda milia hawapati vidonda vya tumbo. Jibu lake ni jepesi. Simba humkimbiza punda milia kwa dakika chache. Ama ameliwa, ama ameponyoka. Akiponyoka, anarudi kula majani, na damu yake inatulia.

Mwanadamu ndiye anayelala na simba kitandani. Mkulima wa tumbaku aliyekopa pembejeo na hajui mzigo wake utanunuliwa kwa bei gani, hukimbizwa na simba huyo usiku kucha. Mama ambaye mume wake amekwenda machimboni na miezi minane haijaja simu, hukimbizwa. Kijana aliyemaliza masomo na kila asubuhi anaulizwa nyumbani kama amepata kazi, hukimbizwa pia. Mwili hautofautishi simba wa kweli na simba wa mawazo. Kotisoli ni ile ile. Tofauti ni kwamba simba wa mawazo hachoki, na dawa iliyokusudiwa kwa dakika chache hubaki katika damu kwa miezi na miaka.

Hapo ndipo ubongo unapoanza kuumia. Ndani yake mna sehemu iitwayo hipokampasi, inayotunza kumbukumbu na kutusaidia kujifunza. Sehemu hiyo ina kazi nyingine pia: husaidia kutoa amri ya kwamba hatari imepita, homoni zipungue. Ni kama breki. Sapolsky na wenzake walionesha katika wanyama kwamba kotisoli nyingi ya muda mrefu hudhoofisha seli za breki hiyo hiyo. Breki ikilegea, homoni huongezeka. Homoni ikiongezeka, breki hulegea zaidi. Wakati huo huo sehemu nyingine ndogo, amigdala, inayohusika na hofu, huwa kali kuliko kawaida, ikapiga kengele hata pasipo na mwizi. Ndiyo maana wasiwasi na sonona mara nyingi hutembea pamoja kama ndugu wawili. Wataalamu walipopiga picha ubongo wa watu walioishi na sonona kwa muda mrefu, mara nyingi walikuta hipokampasi zao ni ndogo kuliko za watu wengine.

Tusikilize vizuri habari hii, ndugu zangu. Ugonjwa tunaouita uvivu unaweza kuacha alama yake katika nyama ya ubongo. Sapolsky hulinganisha sonona na kisukari: hakuna mtu mwenye akili anayemwambia mgonjwa wa kisukari ajikaze tu kongosho lake lifanye kazi. Naye hasemi hayo kwa kutazama kutoka mbali, kwani ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe ameishi na sonona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, huyu alikilalia.

Ni haki kuongeza kwamba sayansi yenyewe imejifunza unyenyekevu katika jambo hili. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja tu ya ubongo, serotonini, na kwamba kidonge hujaza pengo hilo kama maji yajazavyo mtungi. Leo wataalamu wanasema habari si nyepesi hivyo. Urithi wa familia umo, misiba ya utotoni imo, msongo wa muda mrefu umo, na vyote hufanya kazi pamoja. Vidonge huwasaidia wengi, lakini huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na havipaswi kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Katika kuwazungukia wagonjwa tumemfahamu mama mmoja, ambaye hatutataja kigango chake. Alikuwa mwimbaji hodari wa kwaya. Baada ya kujifungua mtoto wa tatu, sauti yake ilinyamaza. Alikaa ndani, hakuoga, mtoto alipolia alimtazama kama mtoto wa jirani. Mbuzi wawili walikwenda kwa mganga. Hatimaye ndugu mmoja alimpeleka hospitali, akapewa dawa na siku za kurudi. Akaanza kupata nafuu. Ndipo jirani, tena mtu wa sala, akamwambia kwamba kumeza vidonge vile ni kumwonesha Mungu kuwa humwamini. Mama yule alibakiza kidogo tu avitupe chooni. Kilichomwokoa ni wanawake wa Jumuiya yake Ndogondogo. Kila Alhamisi walikuja kwake na karanga zao katika ungo, wakaketi naye barazani, wakabangua. Hawakumhubiria. Siku nyingine hakusema neno mpaka wakaondoka. Waliuliza tu kama amemeza dawa, wakambeba mtoto, wakaondoka, na Alhamisi iliyofuata wakarudi.

Kwa wale wanaoendelea kushikilia kwamba sonona ni adhabu ya imani haba, tunaomba wapande treni hapa Tabora, washuke Kigoma, kisha waende kwa boti kaskazini hadi Gombe. Huko ndiko marehemu Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alikoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Kati ya sokwe hao alikuwapo mama aliyepewa jina la Flo, na mwanawe wa mwisho, Flint. Flo alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na umri wa miaka minane na nusu hivi, umri ambao sokwe huweza kujitafutia chakula. Lakini alijitenga na wenzake, akaacha kula, akadhoofika, na majuma machache baadaye akafa karibu na mahali alipofia mama yake. Tuulize basi: Flint alikuwa na dhambi gani? Ni Rozari ipi ambayo hakuisali? Kiumbe asiyejua kusali aliweza kuvunjika moyo hadi kufa. Kumbe kuvunjika huko kumo katika mwili tuliopewa, mwili uliofanywa uwahitaji wengine, na ukiwakosa huugua.

Neno hili linagusa hata makaburi yetu. Zipo familia zinazobeba siri ya ndugu aliyejitoa uhai, na zinazoamini kwamba Kanisa limemfungia mlango. Ni kweli kwamba Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimnyima mazishi ya Kikanisa aliyejiua kwa kusudi. Sheria za mwaka 1983 hazimweki tena katika orodha ya wanaonyimwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2282 na 2283, inatufundisha kwamba matatizo makubwa ya nafsi na hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wake. Familia hizo tunazialika zije kuomba Misa kwa ajili ya marehemu wao, bila kuinamisha vichwa.

Turudi Maasai Mara, kwani nyani wa Sapolsky walikuwa na somo la pili. Katika kupima damu kwa miaka mingi, aliona kwamba cheo hakielezi kila kitu. Nyani aliyekuwa na marafiki, aliyekaa akichambuliwa manyoya na kuwachambua wengine, aliyecheza na watoto, alielekea kuwa na kotisoli ndogo kuliko mpweke. Kisha likatokea jambo ambalo hakulipanga. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki ya chakula katika jalala la hoteli ya watalii. Walikula nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Madume wapole, ambao hawakupenda ugomvi wa jalalani, walibaki hai pamoja na majike na watoto. Kundi likawa la amani. Miaka ikapita, madume wapya wakahamia kutoka makundi mengine, kama ilivyo desturi ya nyani, nao wakajifunza upole wa wenyeji. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 2004 pamoja na Lisa Share: katika kundi hilo hata wanyonge hawakuonesha dalili za msongo zilizozoeleka kwa wanyonge wa kundi jingine.

Hatuwaombei wakorofi wa parokia zetu kifua kikuu! Tunachosema ni kwamba desturi ya jamii huingia mpaka ndani ya damu ya mnyonge. Palipo na dharau, mnyonge huugua. Palipo na upole, hupumua.

Na kama mtu atasema kwamba hayo ni ya nyani, tunalo la binadamu, tena la majirani zetu ng'ambo ya Kagera. Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, sehemu zilizokuwa zimelizwa sana na UKIMWI. Wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo ya majuma mawili. Walizungumza habari za misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakashauriana. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi, asilimia 94 walishuka hadi 54.7. Wapendwa, Jumuiya Ndogondogo zetu zinakutana kila juma. Viti vipo, watu wapo, na siku imekwisha pangwa. Kinachopungua ni ruhusa ya mtu kusema kwamba hayuko sawa.

Sisi wa Tabora tuna kumbukumbu yetu juu ya jambo hili. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba pembe na nguo za kilo 30 na zaidi kwa miezi. Wasafiri wa wakati ule waliandika pia habari za uchungu: mpagazi aliyeshikwa na ndui au homa mara nyingi aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa kwa wengine. Msafara ulijali mzigo kuliko mchukuzi. Kila mara tunapomcheka mwenzetu kwa kumwambia aende Mirembe, tunamwacha kando ya njia ile ile.

Nabii Eliya naye aliwahi kufika mwisho wa nguvu. Tunasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, jinsi alivyoketi peke yake chini ya mti jangwani, akaomba afe. Tuangalie Mungu alimfanyia nini. Hakumkaripia, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Akampelekea mkate na maji. Akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, mwili ulipokwisha pata nguvu.

Basi tutoke na mambo matatu. Kwanza, tuache kuigombanisha sala na dawa. Magharibi mwa nchi yetu tunamkumbuka Adriano Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani katika nchi ya Mali ya leo, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, na huko akawa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Mkono uliofundisha Katekisimu ndio uliofunga vidonda. Pili, tukiona huzuni ya mtu, au kutolala, au kukata tamaa vimepita majuma mawili, tumsindikize kituo cha afya au hospitali, wala tusimwache aende peke yake. Na akisema anatamani kufa, tumwamini, tukae naye, tumpeleke siku hiyo hiyo. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa ni yake pia, maana ni mgonjwa. Tatu, tumtembelee bila hotuba. Ungo wa karanga unatosha.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na simba wako asiyeonekana, usiiungame huzuni yako kana kwamba ni dhambi. Dhambi zilete kitubioni. Ugonjwa upeleke kwa tabibu. Na wewe mwenyewe njoo kwetu upendavyo, hata kama huna la kusema. Dominika hii, katika sala ya waamini, tutawataja wagonjwa wa sonona na wa wasiwasi kwa jina la ugonjwa wao, kama tunavyowataja wengine wote.